Boti ya mwaka gani? Maharamia wa Disney, kutoka California hadi Shanghai

Wakishajua kwamba nina wazimu wa hizi bustani za burudani, watu huniuliza swali lile lile: nikiwa na safari moja tu, niende ipi? Anayeuliza anaweza kuwa baba wa watoto watatu aliyeko Minnesota, anahesabu siku za likizo ya shule. Anaweza kuwa binti aliyeko Brussels, ambaye Paris kwake ni mwendo wa asubuhi. Siku hizi hata mfanyabiashara aliyekwenda Yiwu, China, kufunga mzigo ananipigia: "Dada, nimebakiwa na siku mbili kabla ya ndege, na Shanghai naambiwa ni saa mbili hivi kwa treni. Kuna nini huko?"

Mimi humrudishia swali. Unataka kupitishwa mahali, au unataka kusimuliwa hadithi? Akishanijibu hilo, kazi yangu imebaki ndogo.

Nitachukua mchezo mmoja tu uwe mizani yetu: Pirates of the Caribbean, safari ya boti gizani katikati ya maharamia. Disney imeujenga mara tano: California 1967, Florida 1973, Tokyo 1983, Paris 1992, Shanghai 2016. Jina ni moja na maharamia ni wale wale, lakini ukishuka kwenye boti ya kwanza ukapanda ya tano, utadhani umehama ukoo.

Kwa asiyewahi kupanda: unakaa kwenye chombo, kigari au boti, nacho kinakuingiza kwenye jengo lisilo na dirisha hata moja. Humo huoni chochote ila kile ambacho mafundi wameamua kukiwashia taa. Ufundi huu ni wa zamani kuliko Disney yenyewe. Kennywood, karibu na Pittsburgh, boti za Old Mill zilianza kupita gizani mwaka 1901. Blackpool, Uingereza, wana mapango yao ya mto tangu 1905 na treni yao ya mizimu tangu 1930. Zote zilitegemea jambo moja, kwamba mtu akiwa gizani akili yake humalizia kazi ambayo fundi hakuimaliza. Mfereji wenyewe ni wa kina kifupi tu. Lakini maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na gizani sote ni chungu.

California, 1967: hakuna haraka

Disneyland ya kwanza iko Anaheim, kusini mwa Los Angeles, na mchezo huu mwanzoni haukuwa na boti kabisa. Walipanga jumba la sanamu za nta chini ya mtaa ulioigiza New Orleans, watu watembee kwa miguu wakimtazama haramia mmoja mmoja kama wako makumbusho. Shimo lilikwisha kuchimbwa. Kisha yakaja Maonyesho ya Dunia ya New York, 1964 na 1965, ambako Disney ilipeleka boti za It's a Small World na kujionea jinsi boti zinavyomeza watu: foleni inasogea, hakuna anayesukumana, na kila mtu anaona kila kitu. Wazo la kutembea likafa. Sanamu zikatiwa mitambo ya kusogeza vichwa na mikono, maji yakaingizwa.

Kikabaki kikwazo kimoja, nacho ni reli ya treni ndogo inayoizunguka bustani juu ya tuta. Jengo kubwa kiasi kile halikuwa na nafasi ndani ya tuta. Lilibidi likae nje. Ndiyo sababu boti ya California inaporomoka mara mbili gizani karibu na mwanzo: inatafuta kina cha kupita chini ya reli. Abiria anapiga kelele akidhani ni mbwembwe, kumbe anavushwa chini ya treni.

Walt Disney aliisimamia kazi hii mwenyewe karibu mpaka mwisho, lakini hakuiona ikifunguliwa. Alifariki Desemba 1966, na mchezo ukaanza kuchukua watu tarehe 18 Machi 1967.

Safari nzima ni dakika 15 hivi, na hapa ndipo nawaomba wasomaji wangu wavumilivu wanisikilize. Nje inaweza kuwa saa sita mchana, jua la California linachoma utosi. Ukiingia ndani ni magharibi isiyokwisha. Vyura wanalia. Vimulimuli vinawaka na kuzimika juu ya maji. Kushoto kuna mzee kwenye kiti cha kubembea barazani kwa nyumba ya mbao, na banjo inasikika taratibu. Kulia kuna mgahawa wa kweli, Blue Bayou, watu wa kweli wanakula chakula cha kweli kwenye mwanga wa taa za karatasi, wanakutazama ukipita nawe unawatazama wakila. Na kwa muda mrefu, kwa vipimo vya leo ni muda mrefu mno, hakuna kinachotokea.

Kisha fuvu lililoko juu ya tao linakusemesha, linakuonya, na boti inadondoka. Unajikuta kwenye mapango. Bado hakuna haramia aliye hai. Kuna mifupa ufukweni, kuna mifupa iliyoshika usukani wa merikebu kwenye dhoruba, kuna nahodha wa mifupa kitandani bado anaisoma ramani ya hazina. Walipofungua mchezo, mafundi hawakuridhika na mifupa ya bandia ya wakati ule, wakachukua mifupa ya binadamu kutoka kitengo cha tiba cha chuo kikuu cha UCLA. Baadaye, ya bandia ilipokuwa nzuri vya kutosha, ikabadilishwa. Nikiwasimulia watu hilo huwa wanaacha kula.

Baada ya mapango ndipo wakati unarudi nyuma na wale wafu wanakuwa hai. Merikebu inaipiga ngome mizinga, maji yanaruka karibu na boti yako. Mjini, maharamia wanamzamisha meya kisimani ili aseme hazina iko wapi, na mkewe yuko dirishani anampigia kelele asiseme. Mbele zaidi mji mzima unawaka. Moto ule ni taa, feni na vipande vya karatasi laini za plastiki, kazi ya fundi aliyeitwa Yale Gracey, na ulikuwa na uhai kiasi kwamba mkuu wa zimamoto wa Anaheim alitaka ujizime wenyewe endapo kengele ya moto wa kweli italia, maana vikosi vyake wangeshindwa kujua wamwagie maji moto upi.

Halafu kuna mguu. Boti inapita chini ya daraja dogo, na juu yake amekaa haramia amelewa, ameuning'iniza mguu mmoja. Ukiinua macho kwa wakati unaona unyayo mchafu na vinyweleo, karibu kiasi cha kuugusa. Hakuna hadithi pale. Hana jina, huambiwi alikotoka wala anakokwenda. Lakini waulize watu waliopanda wakiwa watoto miaka ya sabini wanakumbuka nini, uone ni wangapi watakuambia mguu.

Aliyeandika maneno ya mchezo ni Xavier Atencio, na ndiye aliyeandika pia maneno ya ule wimbo wao wa yo ho. Inasimuliwa kwamba alikuwa na wasiwasi, sauti zilikuwa zinagongana, abiria hawasikii sentensi nzima. Walt akamwambia aache hivyo hivyo, ni kama kuwa kwenye tafrija: unasikia kipande hapa, kipande pale, na ukija tena utasikia kingine. Sisi tungesema ni kama harusini, umekaa meza ya pembeni, umbea unakupita kulia na kushoto, na kesho yake lazima umpigie mtu simu akumalizie. Marc Davis, aliyechora vituko vingi vya mle ndani, naye alieleza baadaye kwamba Walt hakuwa na nia ya kutumia michezo hii kusimulia hadithi yenye mwanzo na mwisho.

Florida na Tokyo, kwa kifupi

Florida hawakutaka maharamia. Walt Disney World ilipofunguliwa Oktoba 1971, hesabu ilikuwa kwamba watu wa kule wako jirani na Karibi yenyewe, maharamia wa nini? Marc Davis alikuwa na mpango wa mto mwingine, wa Marekani ya magharibi. Wageni wakaja wakauliza maharamia wako wapi. Wakajengewa haraka, mchezo ukafunguliwa Desemba 1973, na ule mto wa magharibi haukujengwa kamwe.

Haraka ile inaonekana. Safari ni karibu nusu ya ile ya California, mporomoko ni mmoja, hakuna mgahawa wala vimulimuli. Hata mwisho wake ni tofauti: California boti inakupandisha tena juu hadi ulikotoka, Florida unashushwa chini na kupandishwa juu na mtambo, kama abiria wa uwanja wa ndege. Kizuri cha Florida ni foleni. Unaingilia ngome iliyoigwa kutoka El Morro ya San Juan, Puerto Rico, unapita vijia vya mawe vyenye baridi, na kwenye seli moja chini kuna mifupa miwili imekaa kwenye bao la sataranji. Ukiijua sataranji, tazama vizuri kete zilivyopangwa: hakuna anayeweza kushinda. Walicheza mpaka wakafa.

Kama uko Florida kwa sababu nyingine, panda, utafurahi. Kusafiri kwa ajili yake peke yake, hapana.

Tokyo ilifunguliwa Aprili 1983 na maharamia wao siku hiyo hiyo. Waliomba California na wakapewa California: kinamasi kipo, mgahawa wa Blue Bayou upo, muda ni ule ule wa robo saa, ila mporomoko ni mmoja. Kama unaishi Japani huna haja ya kuvuka Pasifiki.

Paris, 1992: hadithi inaanza kuingia

Ukiwa Ulaya, au ukiwa London na una viza ya Schengen, hapa ndipo mahali pako. Treni ya RER A kutoka katikati ya Paris inakufikisha mlangoni kwa dakika 40 hivi.

Waliojenga Paris walikuwa kizazi cha pili, vijana waliokua wakipanda boti ya California, na walikuwa na dukuduku nayo. Kwa nini wafu kwanza, halafu walio hai? Wakaigeuza. Paris boti inaondoka kwenye ghuba ya usiku, nayo pia inapita pembeni mwa mgahawa, kisha inavutwa kupanda juu, ndani ya ngome iliyovamiwa. Vivuli vya watu wanaopigana vinaonekana ukutani. Wafungwa wanahangaika na mbwa. Halafu boti inadondoka, na unatua katikati ya merikebu na ngome zinazopigana mizinga. Mji unaporwa, ghala la baruti linalipuka, unadondoka mara ya pili, na huko chini ndiko iliko mifupa, na hazina ambayo haikumsaidia mtu.

Kwa mpangilio huu Paris ina sababu na matokeo. Watu waliiba, wakalewa, wakafa. Mtoto wa miaka saba anaielewa bila kuelezwa. Na ufundi ulikuwa umepiga hatua: kuna maharamia wawili wanaopigana kwa panga, na panga zinagongana kweli, kazi ambayo sanamu za 1967 zisingeiweza. Kuna mwingine anaruka kwa kamba juu ya vichwa vyenu.

Lakini nitasema jambo ambalo mashabiki wa Paris watanichukia kwalo. Ule utulivu wa mwanzo umepungua. California inakuacha kwenye kinamasi mpaka umeisahau simu yako; Paris inakushika mkono mapema na kukuonyesha. Ni mwongozaji mzuri, ana adabu, hakuvuti, lakini ni mwongozaji. Ukitaka kipimo changu cha urembo wa mandhari peke yake, Paris inashinda zote tano. Ukitaka kipimo cha kupotea, inakuwa ya pili.

Faida nyingine ni lugha. Maharamia wa Paris wanachanganya Kifaransa na Kiingereza, na nimekaa boti moja na familia kutoka Bukavu iliyokuwa inacheka sekunde tatu kabla ya sisi wengine.

Kwa walioko Ujerumani, Uswisi au Strasbourg, kuna njia ya pembeni ambayo si ya Disney. Europa-Park, mji wa Rust, walijenga boti zao za maharamia mwaka 1987, miaka mitano kabla ya Disney kufika Ulaya, wakaziita Piraten in Batavia. Batavia ni Jakarta ya enzi za Waholanzi. Jengo liliungua Mei 2018, likajengwa upya na kufunguliwa 2020. Wazo wamelikopa California, hawafichi, lakini mji wa Asia uliojaa taa na maji una ladha yake, na ukiwa na bajeti ya kubana anza na huo.

Mnada, na mtu anayeitwa Jack

Kabla hatujaenda China, lazima tuzungumze kuhusu vilivyoondolewa na vilivyoongezwa, maana boti ya California utakayopanda leo si ile ya 1967.

Mle mjini kulikuwa na mnada. Wanawake wamefungwa kamba wamepangwa mstari, bango linawatangaza kuwa wachumba, maharamia wanapiga kelele wakimtaka mwenye nywele nyekundu. Mbele yake, maharamia walikuwa wanawakimbiza wanawake wakizunguka nyumba. Kwa miaka 30 vyote vilihesabiwa utani. Mwaka 1997 California ikawapa wale wanaokimbizwa sinia za chakula, ionekane kinachowindwa ni chakula. Mnada ulidumu zaidi: Paris waliubadilisha 2017, Florida na California 2018. Mwenye nywele nyekundu sasa ni haramia, ana bunduki na jina, Redd, na kinachouzwa ni mali iliyoporwa, kuku na pombe.

Kuna watu wazima waliolia kwamba historia imeharibiwa. Mimi nimewahi kusimama Mkunazini, Unguja, pale lilipokuwa soko la watumwa hadi 1873, nikashuka kwenye vile vyumba vya chini. Mnada wa watu waliofungwa kamba sijui nianzie wapi kuucheka, na Karibi yenyewe inajua mnada ule kwa uchungu kuliko sisi. Kwangu mimi badiliko hili halikupunguza kitu. Redd ni sanamu nzuri kuliko ile aliyoirithi.

Jack Sparrow, haramia wa kwenye filamu, ni kesi nyingine. Mwaka 2003 mchezo ulizaa filamu, filamu ikapendwa kupita matarajio, na 2006 filamu ikarudi ndani ya mchezo: California na Florida wakamweka Jack ndani ya pipa, Jack nyuma ya nguo, Jack kwenye hazina. Tokyo wakafuata 2007, Paris 2017. Mtoto amemzaa mama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa maji ni kwamba maharamia wote waliobaki wamekuwa wasindikizaji. Zamani boti ilikuwa haina mhusika mkuu, macho yako yalichagua yenyewe wapi pa kutua. Sasa watu wanamtafuta Jack, wakimwona wanaelekeza kidole na simu, na mguu wa darajani unawapita bila kuonwa.

Shanghai, 2016: boti inayojua inakokwenda

Shanghai hawakuongeza Jack. Walianza naye. Bustani ilifunguliwa 16 Juni 2016, na mchezo huu ulijengwa upya kutoka chini, una hata jina refu linalotaja vita vya kugombea hazina iliyozama. Ni filamu uliyoingizwa ndani yake.

Kwanza boti. California boti inaelea huru, inasukumwa na maji, inagonga kingo kidogo, inajikuna, inachelewa. Shanghai chini ya maji kuna mfumo wa sumaku unaoishika boti. Inaweza kusimama. Inaweza kugeuka ubavu, kuzunguka, kurudi nyuma. Kwa hiyo mwelekezi wa mchezo anajua kila sekunde uso wako unatazama wapi, kama mpiga picha wa sinema anavyojua kamera yake inatazama wapi. Hapo ndipo badiliko zima lilipo. Ukishaweza kumgeuza mtu shingo bila yeye kujua, unaweza kumsimulia hadithi neno kwa neno.

Unaanza mahali unapopajua: mapango, mifupa. Mfupa mmoja umekaa peke yake, mwanga unabadilika, na mbele ya macho yako unavaa nyama na kuwa Jack. Ni mfano mzuri wa sanamu na projekta kufanya kazi pamoja, na watu wazima wanashangilia. Kisha mnazama. Skrini zimepinda mpaka juu ya kichwa, picha ya bahari inapanda, na mwili wako unaapa kwamba boti inashuka wakati haishuki. Kuna mabaki ya merikebu, kuna mnyama mkubwa wa kilindini, kuna Davy Jones mwenyewe, yule adui wa kwenye filamu, na ndevu zake za mikono ya pweza. Halafu boti inapita katikati ya merikebu mbili zinazopigana, moja kila upande, na sauti inakuingia kifuani.

Ni kitu kikubwa, sitamdanganya mtu. Mara ya kwanza nilitoka nikiwa nimefungua mdomo. Mara ya pili, saa tatu baadaye, nikagundua kwamba nilikuwa nimeona kila kitu mara ya kwanza. Hakuna umbea uliobaki pembeni, kwa sababu hakuna pembeni. Na ninawazia skrini zile zitakavyokuwa zikifikisha umri alionao sasa yule mzee wa banjo. Picha ya kompyuta huzeeka kama simu. Mguu wa plastiki wenye vinyweleo hauna toleo jipya.

Wanazungumza Kichina cha Mandarin, na kwa kuwa hii ndiyo boti yenye hadithi nyingi kuliko zote ungedhani mgeni atapotea. Hapotei. Kila kitu kimewekwa wazi kwa macho hivi kwamba maneno ni chumvi tu.

Sasa, nani apande ipi

Yule baba wa Minnesota nilimwambia California, si Florida, japo Florida ina bustani nyingi zaidi na watu wengi huenda huko bila kufikiri. Kama watoto wanataka wiki nzima ya kila kitu, basi Florida, lakini asiende akidhani ameona maharamia. Nikamwambia pia wasikae safu ya mbele kama hawataki kulowa, na wasiende moja kwa moja kutafuta Jack. Foleni ya California isiwatishe. Mchezo unachukua zaidi ya watu 2,000 kwa saa, mstari unatembea.

Mwenye mtoto mwoga asihofie kipimo cha urefu, kwa mchezo huu hakipo, ahofie giza. California na Paris zina miporomoko miwili, Florida na Tokyo mmoja, yote ya sekunde chache. Shanghai kinachowatisha watoto ni ukubwa wa picha na kelele, na hilo halina mwisho wa haraka kama mporomoko. Mtoto wa miaka minne ningemwanzishia Paris. Mifupa iko mwishoni, na kufikia hapo ameshazoea.

Binti wa Brussels: Paris, bila mjadala, siku isiyo ya likizo ya shule za Wafaransa, na apande mara mbili, ya pili usiku.

Na mtu wa Yiwu? Aende Shanghai. Metro namba 11 inafika pale pale. Ana siku mbili, amechoka na maghala na bei, hana muda wa kukaa kinamasini akisikiliza vyura. Anataka kupigwa na butwaa kisha akapande ndege, na hilo Shanghai inalitoa kuliko boti yoyote duniani ya aina hii. Alinitumia ujumbe wa sauti usiku ule, dakika nne, nusu yake ni kicheko.

Mimi mwenyewe nikipewa tiketi moja ya bure, bado ni Anaheim. Nilimpeleka mtoto wa kaka yangu akiwa na miaka sita. Mkishapita moto, kuna gereza. Wafungwa watatu wamenyoosha mikono kupitia nondo, mmoja ameshika mfupa, mwingine kitanzi cha kamba, wanapiga miluzi, wanambembeleza mbwa aliyekaa mbele yao na funguo mdomoni. Mbwa anawatazama, anatikisa mkia, hasogei. Ni hivyo tangu 1967. Mpwa wangu aligeuka kwenye kiti mpaka gereza likapotea nyuma yetu.

"Shangazi, kwani lini atawapa?"

Nilimwambia labda tukirudi. Mbwa huyo yupo Florida, yupo Paris, na yupo Shanghai pia, karibu na mwanzo, ukiwahi kutazama kabla boti haijageuzwa. Huko wafungwa wamebaki mifupa, na mbwa naye mifupa, na funguo bado anazo.